Mtani wa Marehemu

Msiba wa kwanza kuhudhuria Mbagala ulinifanya nidhani watu wa mtaa huu hawana akili. Nilikuwa nimehamia Kizuiani na cherehani yangu na begi moja la nguo, sijui mtu. Fundi bomba mmoja Mhehe akafariki nyumba ya tatu kutoka kwangu, nikaenda kuhani kama ilivyo ada. Jeneza lilipokuwa linatolewa ndani, wanawake wakiangua kilio, mama mmoja mfupi mnene akatokea kavaa koti la marehemu na kofia yake, akajilaza kizingitini. Akasema kwa sauti nzito ya kukwaruza, "Siendi kokote mpaka mniambie nani kaficha spana zangu." Wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Mjane alicheka mpaka akashikwa asianguke. Nikamuuliza mzee aliyekaa karibu yangu, hivi hakuna wa kumtoa huyu chizi? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Huyo siyo chizi. Huyo ni mtani."

Huyo ndiye Bernadeta Mapunda. Baadaye tukawa majirani wa ukuta mmoja, na nimeishi naye kwa ukaribu kuliko nilivyoishi na ndugu zangu wa Tukuyu. Naandika habari zake kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe sijui niipeleke kwa nani.

Ni Mngoni wa upande wa Peramiho. Alikuja Dar kumfuata mume aliyekuwa kuli bandarini, mume akafa, watoto wakatawanyika, yeye akabaki na ndoo zake. Anauza togwa. Kila asubuhi ndoo mbili zinakaa barazani zimefunikwa kitambaa cheupe, na wapita njia wanaojua togwa ya ulezi ilivyo wanasimama hapo kabla ya kwenda kugombania gari. Hiyo ndiyo kazi inayompa ugali. Kazi yenyewe hasa, ile aliyoiona ni yake, ilikuwa utani.

Alinieleza taratibu, maana sisi Wanyakyusa utani wetu siyo mkali hivyo. Zamani za mababu Wangoni na Wahehe walipigana wakauana, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Walipochoka kuzika, wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo watatukanana tu. Mngoni atamtukana Mhehe, Mhehe atamtukana Mngoni, na atakayekasirika ndiye mwenye kosa, atatozwa kuku. Mtani anaingia nyumbani kwa mtani wake bila hodi, anafunua sufuria, anakula. Mtani akifa, mtani mwenzake ndiye anayeshughulikia maziko. Na kwa kuwa huruhusiwi kumkasirikia, yeye pekee ndiye anayeweza kukusema mbele za watu nawe ukameza.

"Si kipaji," aliniambia. "Ni kufundishwa." Bibi yake alimfundisha akiwa mtoto mdogo kabisa. Palikuwa na Mhehe mwenye duka pale kijijini, bibi akamtuma kwenda kumtukana. Akaenda, akamtukana yule mzee kichwa chake kikubwa. Mhehe akamjibu, akamsema pua, akamsema miguu, akamsema na mama yake. Mtoto akarudi nyumbani analia. Bibi hakumbembeleza. Alimfuta machozi, akamrudisha dukani. Akatukanwa tena, akarudi analia, akarudishwa. Siku aliporudi anacheka, bibi alimchinjia jogoo. Kwa Bernadeta hiyo ndiyo amani, na hiyo ndiyo shule yake: mtu azoezwe kuguswa kidonda bila kuinua mkono. Watu wanagombana kwa sababu hawajafundishwa, alikuwa akisema, na mimi nilimwamini kwa sababu nilimwona akifanya kazi. Nilimwona msibani Yombo akiwavika mawifi wawili wasiosemezana kanga moja, kila mmoja upande wake, akawazungusha uani mpaka wote wawili wakaishiwa nguvu kwa kucheka. Nilimwona huko Charambe akikalia begi la mkwe aliyekuwa anaondoka kwa hasira. Alikuwa anaitwa huku na huku.

Kisha akaanza kuitwa mara chache. Wazee waliojua wakawa wanakufa, na vijana walioachwa hawakujua. Hapo ndipo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Adelard, kijana mwenye moyo mzuri, alipomsikia msibani akamwomba aje kuwafundisha watoto namna ya kukaa bila kupigana. Bernadeta alifurahi kama anayeolewa. Nilimshonea gauni jipya la kwendea shule, la kitenge cha kijani chenye mikono ya kupuliza.

Akaenda. Akawauliza watoto, babu zenu wanatoka wapi, ili awapangie watani. Mtoto wa kwanza akasema Mbagala. Wa pili Mbagala. Binti mmoja mwenye meno makubwa, Najat, akasema, "Mie mtu wa Kizuiani, bibi." Na babu yako? "Yupo Kizuiani." Mimi ningekata tamaa hapo hapo. Yeye alikuna kichwa, akasema sawa, basi Kizuiani watakuwa watani wa Charambe, na akaanza kuwafundisha kutukanana. Adelard aliniambia darasa lilivuma kwa kicheko mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Kwa majuma machache hapakuwa na ngumi uwanjani.

Ndipo Najat, aliyefundishwa kwamba mtani anachukua chakula cha mtani wake, akafungua kikopo cha binti wa Charambe wakati wa mapumziko, akala chapati yote. Yule binti alicheka. Mama yake hakucheka. Alikuja shuleni kavaa miwani ya jua, akasema kamleta mwanawe asome, hakumleta anyang'anywe, na kwamba wizi nao siku hizi una mwalimu. Mama yake Najat naye akaja, akataka kujua nani kamwita mwanawe mwizi. Wale kina mama wawili walitukanana getini bila utani wowote. Adelard akaambiwa aachane na mambo hayo, wafuate mtaala. Bernadeta aliporudi alilivua lile gauni la kijani, akalikunja, akanipa nimtunzie kwangu kwa kuwa kwake kuna panya. Nikalipokea, nikaliweka sandukuni. Kwa kawaida neno panya linatosha kumfanya Mhehe yeyote aanze kumtania Mngoni kwamba watu wa kwao ni walaji wa panya, na sisi sote wawili tulijua ni nani angelisema.

Huyo ni Demetria Kikoti, Mhehe aliyekaa nyuma yetu, ng'ambo ya mtaro. Kila alfajiri alikuwa anapiga kelele kutoka uani kwake, "Mngoni, umeshakula panya wako wa asubuhi?" na Bernadeta anajibu kutoka kwenye ndoo zake, akimrudishia kwamba Wahehe nao ni walaji wa mbwa, "Bado, nasubiri mbwa wako aive tule pamoja." Wapangaji wageni walikuwa wanatoka nje wakidhani pamezuka ugomvi. Wale wawili walizeeshana kwa matusi hayo. Demetria alikuwa anakohoa kikohozi chake, viwili vifupi na kimoja kirefu, kabla ya kusema jambo lolote la maana, na Bernadeta aliweza kukiiga mpaka mbwa wa Demetria mwenyewe anageuka.

Demetria alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa, Ferdinand, anafanya kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini, anaishi Kinondoni na mke wake Elinaza, mtu wa Kilimanjaro. Mdogo, Brightson, dereva wa lori, ndiye aliyebaki na mama kwenye nyumba ya familia. Baba yao alipofariki, Brightson alikuwa Mtwara, na mvua zilikuwa zimekata barabara upande wa Lindi. Akapiga simu, nisubirini. Ferdinand hakusubiri. Alikodi gari, akampeleka mzee Iringa, akamzika. Brightson alifika akakuta tuta la udongo na maua yaliyoanza kunyauka. Ferdinand alisema mwili ulikuwa unaharibika. Brightson alisema baba yake hakuwa samaki. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho. Tangu hapo Ferdinand alikuwa anakuja kumwona mama yake siku ambazo lori la mdogo wake halipo.

Bernadeta aliwajaribu wote wawili, mmoja mmoja. Kwa Brightson aliingia akala chakula chake chote cha mchana, Brightson akacheka, akasema, "Mama Mapunda, ukitaka hata kitanda chukua, ila huyo mtu usinitajie." Kinondoni aliingia bila hodi kama mtani anavyoingia, akaenda moja kwa moja jikoni akafunua sufuria. Elinaza alipiga yowe, mlinzi akaja. Ferdinand alimtoa mlinzi, akamwomba radhi Bernadeta kwa adabu zote, akamkodia bajaji ya kumrudisha Mbagala. Bernadeta aliniambia ile adabu ndiyo iliyomtisha. Mtu akikuomba radhi kabla hujamtukana, umwanzie wapi?

Kisha sukari ikamlaza Demetria. Miguu ikavimba, gauni zote zikambana. Nilikwenda na futi yangu kumpima nimshonee la kulegea, na Bernadeta alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, anamkanda nyayo. Demetria akakohoa, viwili vifupi na kimoja kirefu.

"Mngoni," akasema. "Wewe ndiye utakayenizika."

"Nani akuzike mtu mzito hivyo? Tutakusukuma."

"Sikiliza. Usinizike kabla hawajashikana mikono. Ukinizika hivi hivi nitakutokea."

"Nitokee tu. Nitakukaangia panya."

Demetria alicheka, halafu uso wake ukabadilika, akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Bernadeta aliacha kukanda. Akasema, bila utani, neno ambalo hakuwa na haki ya kuahidi. "Mbele ya kaburi lako watashikana. Hakuna mwana wa Kihehe anayeweza kumkatalia mtani kaburini. Lala."

Demetria alifariki kabla sijamaliza kushona upindo wa gauni lake.

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoanza kuona tunakoelekea, maana mimi ni fundi nguo na sare za msiba zinapita kwangu. Upande wa Brightson uliniletea kitenge cha zambarau. Kesho yake Elinaza akanipigia simu, nikadhani anataka nyongeza, kumbe ana kitambaa chake cheupe chenye maua meusi, cha watu wa upande wao. Nikamwambia, dada, wenzenu wameshachagua zambarau. Akasema, "Sie tuna kamati yetu." Mama mmoja, sare mbili. Nilizishona zote na kila sindano nilikuwa nazilaani.

Msibani nako, maturubai mawili, masufuria mawili, na msemaji aliyekodiwa na Ferdinand, Benedikto, na kipaza sauti chake. Ubishi wa wapi azikwe, uliopitia kwa wajumbe, ulikuwa umekwisha kwa shida. Ferdinand alitaka Iringa kando ya baba, Brightson alisema safari hii hapandishwi mtu kwenye gari, na watu wa jumuiya wakaamua atazikwa hapa hapa, makaburini upande wa Chamazi. Ndugu wakakaa wamegeuziana migongo, zambarau huku, maua meusi kule.

Bernadeta alifika kavaa gauni la Demetria, lile ambalo nililimalizia usiku kwa ajili ya maiti na ambalo Elinaza alilikataa akanunua jingine dukani. Mimi ndiye niliyempa. Alikuwa amejifunga kilemba kwa namna ya Demetria, upande mmoja umeanguka sikioni, na anachechemea mguu wa kushoto. Hakusalimia. Alikwenda kwenye sufuria la watu wa maua meusi, akachota upawa wa wali, akavuka uwanja anachechemea, akaumwaga kwenye sufuria la zambarau. Akachota wa zambarau, akarudi nao. Wazee wachache waliokuwepo walijipiga mapaja kwa kucheka. Mzee Kasimiri, Mngoni mwenzake anayechonga miiko sokoni, alianza kupiga makofi. Brightson mwenyewe, aliyekuwa amekaa kainamisha kichwa, aliinua uso na nikaona kinywa chake kinatikisika.

Lakini wengi hawakuwa wazee. Dada yake Elinaza alisimama akauliza bibi huyu katokea wapi, anachezea chakula cha watu na magonjwa haya.

"Umekasirika," Bernadeta akamwambia kwa sauti ya Demetria. "Umekosa. Utalipa kuku."

"Kuku wa nini? Mbona simwelewi huyu?"

Watoto wa Ferdinand waliisikia ile sauti ya bibi yao ikitoka kwa mtu mwingine wakaanza kulia, na siyo kilio cha kucheka. Benedikto akasema kwenye kipaza sauti, "Tunaomba wazazi wetu tuheshimu ratiba, na tuheshimu marehemu." Nilitamani kumnyang'anya kile kipaza sauti nikimeze. Bernadeta aliniangalia nikaona kwamba kwa mara ya kwanza hajui afanye nini. Kasimiri alimsogelea akamwambia tuishie hapa, Mapunda, hawa hawajui. Akajibu, "Ndiyo maana tupo. Wasiojua ndio wanaofundishwa."

Makaburini jua lilikuwa kali na mchanga unateleza. Katekista alikuwa hajaanza sala. Nilimwona Bernadeta anamnong'oneza Kasimiri, Kasimiri akatandika mkeka ndani ya shimo, akampa mkono, na yule mama wa miaka sabini na kitu akateremka. Akalala chali. Akafumba macho, akakunja mikono kifuani.

Kwa wanaojua, hilo ndilo jambo la mwisho alilo nalo mtani. Akilala kaburini, maziko yanasimama. Anachokitaka kinatolewa, chochote, maana hakuna mtu aliye tayari kumfukia mtani wake akiwa hai na hakuna anayethubutu kumgusa. Shomari, mchimba kaburi, Mzaramo, aliegemea koleo lake akatabasamu. "Mwacheni," akawaambia vijana waliotaka kuruka. "Hata sie, Wanyamwezi hutufanyia hivyo hivyo. Mpeni anachotaka atoke."

Kutoka chini kikaja kile kikohozi. Viwili vifupi na kimoja kirefu. Zambarau wote wakageukia shimo, na maua meusi wote wakageukia shimo.

"Nilizaa wawili," sauti ikasema. "Ferdinand. Brightson. Mbona mnanisukumia huku kila mtu peke yake? Mie hapa siingii. Shikaneni mikono niione, ndipo niingie."

Ferdinand alisogea ukingoni. Alikuwa amevaa suti nyeusi na uso wa mtu anayetaka siku iishe. "Mama Mapunda, tafadhali. Tunakuheshimu sana. Toka."

"Mimi si Mapunda. Mimi ni mama yako."

Brightson alikuwa upande wa pili wa shimo. Alikuwa anamwangalia yule mtu aliyelala kwenye gauni la mama yake. Mkono wake wa kulia ulitoka mfukoni. Niliuona. Ulikaa hewani mbele ya tumbo lake, umefunguka nusu, haujaelekezwa kwa mtu lakini umetoka. Kasimiri aliuona pia, akanibana kiwiko. Kilichobaki kilikuwa Ferdinand anyooshe wake. Shimo lilikuwa jembamba, wangefikiana bila kuinama. Nilimwomba Mungu kwa Kinyakyusa, lugha ninayoiombea mambo mazito.

Ferdinand aliinua macho, na hakutazama mkono wa mdogo wake. Alitazama watu. Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande. Nyuma yetu kijana mmoja alisema, "Hii inaenda laivu, oya, bibi kaingia kaburini." Binti mkubwa wa Ferdinand alikuwa analia, "Baba, mtoe. Baba, mtoe huyo bibi, watu wanatucheka."

Ferdinand alivua koti, akampa mkewe. Akamwambia mdogo wake neno la kwanza tangu baba yao alipozikwa.

"Brightson. Shika miguu."

Na Brightson, aliyekuwa na mkono wake tayari, akasema, "Sawa."

Wakateremka wote wawili. Mmoja alimshika kwapani, mwingine miguuni. Bernadeta hakujitetea, wala hakuendelea kuiga sauti ya mtu. Alifumbua macho akawatazama kwa zamu. Ferdinand akasema "taratibu, kichwa hicho," Brightson akasema "nimempata, inua," wakamwinua kwa pamoja, wakampitisha kwa Shomari na vijana wake juu, wakamkalisha kwenye lundo la mchanga. Watu walipiga makofi. Mungu awasamehe, walipiga makofi. Ndugu wale wakajikung'uta suruali, wakarudi kila mmoja upande wake wa kaburi, na katekista akafungua kitabu.

Demetria alizikwa. Bernadeta alibaki amekaa pale kwenye mchanga mpaka Shomari alipomwomba asogee, maana walihitaji ule mchanga wa kufukia.

Video ilizunguka kama zinavyozunguka. Wakamwekea na muziki wa singeli kwa chini. Watoto wa mtaa, wale wale aliowafundisha na wengine, walianza kumwita Bibi Kaburi, wanapita barazani wakikohoa. Yeye anafunika ndoo zake kwa kitambaa. Wateja wa togwa wamepungua, baadhi wanasema hawawezi kunywa kitu kilichokorogwa na mkono uliolala kaburini. Ng'ambo ya mtaro, ukuta wa nyumba ya Demetria umeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, na chini yake mkono mwingine umeandika INAUZWA na namba ya simu. Shauri liko mahakamani. Brightson hapokei simu ya mtu yeyote wa Kinondoni. Alfajiri hakuna anayeuliza habari ya panya.

Mimi nilimshikia hasira kila mtu. Niliwakasirikia wenye simu, na Elinaza, na yule Benedikto, na mtaala. Nilikuwa nikipita kwa Bernadeta nikimwaga maneno yangu, kwamba watu wa siku hizi hawajui chochote, hawana mila, hawana kwao, ndiyo maana. Alinisikiliza siku zote akikoroga ndoo yake.

Wiki iliyopita alifariki Mhehe mwingine huko Rangi Tatu, mzee wa zamani ambaye watoto wake wanajua mambo. Walimtuma Kasimiri kuja kumwita mtani. Walimtaka hasa, wakasema pana ndugu hawasemezani na mama Mapunda asikose. Nilifurahi nikakimbilia kulitoa lile gauni la kijani kwenye sanduku langu. Niliporudi nalo, Kasimiri alikuwa bado amesimama barazani, kofia mkononi.

"Mwambie naumwa," Bernadeta alikuwa anamwambia.

"Huumwi, Mapunda. Watu wanakusubiri."

"Mama," nikasema, "nenda. Hawa wanajua mila. Siyo kama wale wasiojua kitu."

Akaweka mwiko chini. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumzia siku ile.

"Wale walinibeba vizuri, Tupokigwe," akasema. "Hawakunibana, hawakuniburuza. Mkubwa alisema angalia kichwa, mdogo akaangalia kichwa. Hata kisogo changu hakikugusa udongo. Watu wasiojua hawabebi hivyo." Akafuta mikono kwa kanga. "Miaka yote nilidhani watu hawajui kushikana, nikawa nazunguka nawafundisha. Kumbe wanajua. Wanajua vizuri kabisa, hawataki. Sasa mtu anayejua nitamfundisha nini?"

Kasimiri alivaa kofia yake, akaenda msibani peke yake.